Mdogo wangu amekosa kufika mahakamani Mombasa, na mdhamini wake ni mimi

Dada wa Likoni:

Nawasalimu nyote. Nina jambo linaloninyima usingizi, na ningependa kujibiwa na mtu anayezijua mahakama zetu, si kwa kubahatisha. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 24, aligombana na jirani kwa sababu ya foleni ya mfereji wa maji, wakatupiana maneno makali mbele ya wapangaji wote, na jirani akaenda kuripoti kituoni. Akashtakiwa kwa kuzua fujo kwa namna inayoweza kuvunja amani, akakana shtaka, na hakimu akamwachilia kwa bondi ya shilingi 30,000 pamoja na mdhamini mmoja. Mdhamini huyo ni mimi. Niliweka logibuku, yaani hati ya umiliki, ya tuktuk yangu, na tuktuk hiyo ndiyo inayolisha nyumba.

Kesi ilikuwa itajwe tarehe 7. Mdogo wangu aliisikia tarehe akiwa kizimbani, hakuiandika popote, akashika kichwani kwamba ni tarehe 17, na siku ya kesi alikuwa Vanga kwenye matanga ya ami yetu. Jina lake likaitwa, hakuitika, na hakimu akatoa hati ya kumkamata. Habari hizi nimezipata kwa jirani yule yule aliyemshtaki, naye hakunieleza kwa huzuni.

Sasa kijana amejificha Ukunda kwa rafiki yake, na bi mkubwa anashauri aachwe huko miezi miwili mitatu mpaka mambo yapoe. Naomba kujua: hati hiyo huisha muda wake? Tuktuk yangu itachukuliwa? Na kama ni kujisalimisha, aende kituo cha polisi au mahakamani?

Karani Mstaafu:

Mwanangu, nilikaa masijala ya jinai kwa miaka mingi, na ushauri wa bi mkubwa, kwa heshima zote, ndio uliokuwa ukitujazia seli. Hati ya kukamatwa haipoi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yaani sura ya 75, inasema katika kifungu cha 102 kwamba hati hubaki na nguvu mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Hakuna mwezi wala mwaka unaoimaliza. Mtu huisahau kabisa, akaja kusimamishwa barabarani kwa jambo lisilohusiana nayo, jina lake likatazamwa, akalala ndani.

Aende mahakamani, na aende mwenyewe kabla hajafuatwa. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mbele ya mahakama ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi au siku isiyo ya mahakama, husubiriwa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa jioni huwa mgeni wa polisi mpaka Jumatatu, hata kama kosa lake ni la maneno ya mferejini.

Avuke feri mapema ili awe masijala kabla hakimu hajaketi. Achukue kitambulisho, nambari ya kesi na nakala ya karatasi za bondi, kisha amwambie karani kwamba amekuja kwa sababu ya hati iliyotolewa dhidi yake na anaomba faili ipelekwe kwa hakimu siku hiyo hiyo. Uliza siku moja kabla kama hakimu huyo yupo kazini, maana wakati mwingine mtu hujikaza akaja, akakuta hakimu yuko likizo. Wewe mdhamini fuatana naye, kwa kuwa hakimu akikuona pale huelewa kwamba kijana huyu ana mtu anayemshika mkono.

Kuhusu maelezo, aseme ukweli kwamba alikosea tarehe. Kibali cha mazishi au barua ya chifu wa huko Vanga vitaonyesha alikokuwa, lakini asiyageuze matanga kuwa sababu yote. Mahakimu wamesikia mengi. Katika maisha yangu sijaona watu walioandamwa na malaria kama wale waliokosa kufika kutajiwa kesi zao.

Mpita Njia:

Mnamzungusha dada wa watu bure. Pale nje ya mahakama hawakosekani watu ambao, ukiwapa elfu chache, faili husahaulika na hati isionekane tena. Kesi ndogo kama hii haistahili mtu kupoteza siku nzima ya kazi.

Karani Mstaafu:

Ndugu Mpita Njia, hao wa nje nawajua, na wengi wao hawajawahi hata kuliona kabati la faili. Wanachukua fedha, hati inabaki pale pale ilipo, na mwenye kesi anaishi akiamini kwamba ameshamaliza. Hata akitokea mmoja mwenye mkono ndani, hiyo ni rushwa, na kijana aliyeingia kwa kosa dogo atatoka na kubwa.

Wakili wa Pwani:

Mzee amemaliza sehemu kubwa. Mimi nitaongeza yanayohusu tuktuk na uwezekano wa kesi kuendelea bila mshtakiwa, kwa sababu hapo ndipo watu huambiana mambo yasiyo ya kweli.

Dada, tuktuk haichukuliwi siku ile ile jina linapoitwa bila kuitikiwa. Chini ya kifungu cha 131 cha sheria hiyo hiyo, mahakama kwanza huridhika na kurekodi kwamba masharti ya bondi yamevunjwa, kisha humwita mdhamini alipe kiasi alichojifunga nacho au aeleze kwa nini asilipe. Sababu isiporidhisha na fedha zisipolipwa, ndipo mali yaweza kukamatwa na kuuzwa, na hata hapo mahakama ina uwezo wa kukusamehe sehemu ya fedha hizo. Ukifika pamoja na mdogo wako kabla ya kuitwa, kwa kawaida jambo hilo halifiki mbali. Lakini akikataa katakata kutoka Ukunda, usikae ukingoja: mdhamini anaruhusiwa kuiomba mahakama imwondolee dhamana, hata kama matokeo yake ni kutafutwa kwa mshtakiwa. Najua si jambo jepesi kumfanyia ndugu.

Kuzua fujo chini ya kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu ni kosa dogo ambalo kifungo chake hakizidi miezi sita. Udogo huo una pande mbili. Ibara ya 49 ya Katiba, kijisehemu cha 2, inasema kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita, na hiyo ni hoja nzuri ya kuomba asipelekwe gereza la Shimo la Tewa. Aitoe kwa adabu, baada ya kueleza kosa lake la tarehe, wala asiifanye ngao ya kuruka tarehe nyingine. Upande wa pili ni kwamba, kwa kuwa si kosa kubwa la jinai, kifungu cha 206 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama kuendelea kuisikiza kesi iliyoahirishwa kana kwamba mshtakiwa yupo. Mahakimu wengi hupendelea kutoa hati, ila uwezo huo wanao. Akihukumiwa hivyo, anaweza kuomba hukumu itenguliwe ikiwa alizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake na ana utetezi wa maana. Kusahau tarehe ni vigumu kukuita jambo lililo nje ya uwezo wa mtu.

La mwisho, ambalo naona hamjaligusa: huu ni ugomvi wa majirani. Kifungu cha 176 cha sheria hiyo ya mwenendo kinairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika makosa madogo ya kibinafsi kama hili. Hati ikishaondolewa, mtafuteni jirani.

Dada wa Likoni:

Nimerudi kuwashukuru. Kumtoa Ukunda kulichukua siku mbili na machozi ya bi mkubwa, lakini Jumatano tulivuka na feri ya alfajiri, tukafika masijala wakati karani anafungua dirisha. Faili ilipatikana upesi kuliko nilivyotarajia. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba, baada ya kujitambulisha, mdogo wangu aliwekwa katika seli ya mahakama mpaka faili ilipoitwa karibu na adhuhuri, na saa zile nilizokaa kwenye benchi la ushoroba zilinitosha. Hakimu alimuuliza alikuwa wapi. Akajibu kwamba alikosea tarehe, akaomba radhi, akaonyesha ile barua ya chifu. Kiongozi wa mashtaka hakupinga. Hati ikafutwa, bondi ikabaki vile vile, nami nikaonywa pamoja naye kwamba safari nyingine nitajibu kwa mali yangu. Tarehe mpya nimeiandika kwa wino mweusi juu ya kioo cha tuktuk.

Lililobaki ni jirani. Imamu wa msikiti wetu amezungumza naye, naye yuko tayari kusamehe ikiwa ataombwa radhi pale pale mferejini mbele ya watu wote, kwa kuwa alitukanwa pale pale. Mdogo wangu anataka iwe ndani ya nyumba. Wakili, tukikubaliana, je, barua ya imamu itatosha?

Wakili wa Pwani:

Haitatosha peke yake. Andikeni makubaliano, jirani aweke sahihi, kiongozi wa mashtaka apewe nakala kabla ya siku ya kesi, na jirani mwenyewe afike, kwa sababu hakimu atataka kusikia kwa kinywa chake kwamba amesamehe bila kulazimishwa. Na mwambie kijana akaombe radhi mferejini.