Mnatuuzia intaneti "bila kikomo", kisha apdeti moja ya laptopu inaimaliza!

Wadau, nina hasira na sitaificha. Kuna kampuni imetandaza nyaya zake kwenye ploti zetu huku Umoja, Nairobi. Jina silitaji, walio huku wanaijua. Bango lao liko hadi getini: intaneti bila kikomo, elfu mbili kwa mwezi. Mimi kazi yangu ni kusikiliza rekodi za sauti na kuziandika, nawatumia wateja faili. Sikulipia hii kitu kwa ajili ya kutazama video za densi.

Jumanne usiku laptopu ikaanza kuvuta apdeti ya Windows. Hilo halina ajabu. Apdeti za usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu hufika saa mbili au saa tatu usiku, kulingana na msimu wa huko Marekani. Yaani saa ile ile ploti nzima imerudi kutoka kazini na kila nyumba ina skrini inayowaka. Safari hii ikaja pamoja na ile kubwa ya mwaka, ya GB kadhaa. Kulipokucha, rauta inamulika kijani taa zote, lakini hata barua pepe haifunguki. Rekodi ya mteja imeganda kwenye asilimia tatu. Nikanunua bando ya simu ili kazi itoke. Hela juu ya hela.

Nikawapigia simu hao wa kampuni. "Upande wetu kila kitu kiko sawa, madam. Zima rauta, uwashe tena." Nimezima, nimewasha. Nikakaza, ndipo aliyepokea akasema nimepita kiwango cha matumizi ya haki, yaani ukikipita wanakubana.

Kiwango ni GB ngapi?

"Inategemea kifurushi, madam."

Changu je?

"Chako ni kile cha bila kikomo."

Someni tena hapo, halafu mniambie nani kati yetu anahitaji daktari.

Sasa najua mtakuja na ule ushauri wa mafundi wa kompyuta wa barabara ya Luthuli, mjini: zima apdeti kabisa, usumbufu uishe. Laptopu nyingi za ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, zinauzwa apdeti zikiwa zimezimwa hivyo, na muuzaji anakuambia kama vile amekupa zawadi. Mnakumbuka WannaCry, ile virusi ya kompyuta? Ilivamia Mei 2017, ikafunga faili za watu dunia nzima na kudai pesa. Dawa yake, yaani apdeti ya kuizuia, ilikuwa imetoka Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wameiweka. Mimi nina sauti za watu humu ndani, mahojiano, mambo ya siri. Siwezi kuacha mlango wazi eti kwa sababu muuza intaneti hataki kusema anauza kiasi gani.

Na kitufe kipo, jamani. Kwenye setingi za waifai, bonyeza jina la mtandao uliounganishwa, washa palipoandikwa "Metered connection". Hapo Windows inajua intaneti yako ni ya kupimiwa, na apdeti nyingi zinasubiri uzivute mwenyewe. Ila kila mtandao unawashiwa kivyake: ukihama kutoka rauta kwenda hotspoti ya simu, anza upya. Ukiunganisha simu kwa waya wa USB, laptopu huiona kama Ethernet, yaani intaneti ya waya, kwa hivyo katafute huko. Pia pitieni "Delivery Optimization", sehemu ya Windows ya kugawana apdeti na kompyuta nyingine. Ikiwa imeruhusiwa kwa intaneti nzima, laptopu yako inaweza kuwagawia vipande vya apdeti watu usiowajua, na bili ni yako. Hiyo mimi ningezima leo.

Lakini ndiyo maana nina uchungu. Waliotengeneza kompyuta wamekubali kwamba kuna watu wanaopimiwa, wakaweka na kitufe, hata kama wamekificha ndani ndani. Anayeshika mita ndiye hasemi! Bando ya simu ya hamsini bob inanitumia ujumbe ikikaribia kuisha. Hawa wa elfu mbili hawana hata ukurasa wa kuonyesha nimetumia ngapi. Ningejua nimebakisha GB tano, hiyo apdeti ningeisitisha hadi mwezi mpya uanze, au ningeenda kuivutia kwa rafiki mwenye faiba ya kweli.

Nimewaandikia barua pepe rasmi: nambari ya kiwango, mahali pa kuangalia matumizi, na ujumbe kabla ya kubanwa. Wakininyamazia, malalamiko yanaenda Mamlaka ya Mawasiliano, pale Waiyaki Way, pamoja na picha ya lile bango la getini.

Majirani wa Umoja na Kayole mlio na hawa watu: kuna yeyote aliyewahi kuambiwa kiwango chake ni GB ngapi? Wekeni hapa chini, tulinganishe. Na kama wewe ni mfanyakazi wao na unasoma hii, usiniambie nizime rauta.