Friji la mvinyo linanuka thina wiki ya tatu, dukani wananiambia "litazoea"

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mwezi uliopita nilinunua friji la mvinyo la chupa 28, laki tisa taslimu. Kila nikienda Dodoma kwa wazazi narudi na chupa, na kwa joto hili la Dar kabatini zilikuwa zinaniharibikia. Nikajibana nikanunua.

Tangu siku ya kwanza ukifungua mlango unakutana na harufu ya gundi, plastiki mpya na kitu kama thina ya rangi. Napiga simu, kijana wa dukani ananijibu: "Dada, hiyo ni gesi, itazoea tu."

Gesi gani inazoea? Kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a, yaani isobutani, ndugu wa gesi ya mtungi tunayopikia. Ya mtungi hutiwa harufu makusudi ili tujue ikivuja. Ya friji haitiwi! Ikivuja naweza nisinuse chochote, na inashika moto. Anauza mafriji na hajui hilo?

Fundi wao ndiye alinimaliza. Kaja, kanusa, kaniambia nisugue rafu za mbao kwa jiki. Bahati nilimpigia kwanza binamu yangu anayefanya kazi kwenye mvinyo. Alinifokea: klorini ya jiki ikikutana na mbao na ukungu ndiyo chanzo cha ile harufu ya kadibodi iliyolowa, na mvinyo ukishaishika hauponi. Kwa hiyo ningefuata ushauri wa fundi ningeongeza tatizo la pili, tena kwa mkono wangu.

Nimelichomoa, nimeliosha kwa maji ya uvuguvugu na bekingi soda, nimeliacha wazi siku mbili, nimeweka mkaa. Rafu nikazitoa nje nikazinusa moja moja: hazina kitu. Kinachonuka ni plastiki ya ndani, hasa kule nyuma kwenye feni. Hapo hata nioshe mwaka mzima.

Juzi nimelirudisha na risiti na waranti ya miezi 12. Meneja anasema waranti ni ya kompresa, harufu haimo. Friji la kuwekea kinywaji, harufu haimo! Nimegoma kuondoka mpaka akaandika kwa mkono wake kwamba wamekataa kulipokea.

Nataka hela yangu, sitaki fundi mwingine. Jumatatu naenda Tume ya Ushindani, FCC. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya bidhaa pale aniambie: zaidi ya risiti, hiyo karatasi na picha ya kibandiko, nibebe nini?