Mjadala: Aliyekosa pointi nne za kidato cha sita arudie mtihani au ashike stashahada?

Kila mwezi wa Julai, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, swali hili huingia katika nyumba nyingi za Tanzania na hujibiwa usiku uleule, kwa hasira au kwa aibu, na watu ambao hawajayasoma matokeo yenyewe sawasawa. Nalileta hapa tulijadili kwa utulivu: kijana aliyekosa sifa za kuingia chuo kikuu, je, arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au auache na kushika stashahada? Msimamo wangu nauweka mapema ili asiwepo wa kusema nimemvizia. Naona wengi wanaorudia hawakupaswa kurudia, na kinachowarudisha kwenye mtihani ni aibu ya wazazi zaidi kuliko hesabu ya pointi.

Nianze na hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyotuumbua sisi. Mwaka juzi mpwa wangu alikuwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria matokeo yalipotoka, kwa hiyo aliyeyafungua ni mama yake, dada yangu, kwa simu, akiwa jikoni, akisoma namba ya mtihani iliyoandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, chini ya namba ya mita ya umeme ya Luku. Aliona daraja la tatu, pointi 15. Jirani yetu naye alikuwa ameona daraja la tatu, pointi 15, la kijana wake. Kina mama hao wawili walipika pilau siku moja, na mchele waliuchukua kwa mkopo katika duka moja. Baadaye kijana wa jirani alipata chuo kikuu katika awamu ya kwanza ya udahili, na mpwa wangu kila alipojaza maombi mfumo ulimkataa. Dada yangu aliamini kuna mkono wa mtu.

Hapakuwa na mkono wa mtu. Mpwa wangu alikuwa na E tatu, za Historia, Jiografia na Kiingereza; yule mwenzake alikuwa na D mbili na F moja. Baraza hukokotoa daraja kwa kuihesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, na mwenye jumla ya 13 hadi 17 katika masomo matatu ya tahasusi yake, yaani mchepuo aliousoma, huwekwa daraja la tatu. Hivyo 5 mara tatu ni 15, na 4 na 4 na 7 ni 15 vilevile. Lakini Tume ya Vyuo Vikuu haitazami daraja. Yenyewe huhesabu kwa kupanda, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S, ule ufaulu mdogo ulio chini ya E, nusu, na hutaka prinsipo mbili, yaani masomo mawili yanayohusika na kozi yaliyofaulika kuanzia E, ziwe na jumla ya pointi 4. D mbili ni 4. E mbili ni 2, na ile E ya tatu haiokoi kitu. Aliyefeli somo zima akaingia chuo, na aliyefaulu yote matatu akabaki nyumbani. Kanuni yenyewe siipingi, maana anayekwenda kusoma kozi inayosimama juu ya masomo mawili sharti ayamudu hayo mawili. Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka miwili ya kidato cha tano na sita hakuna aliyemkalisha mtoto huyu chini akamwonyesha kuwa atapimwa kwa mizani mbili.

Sasa tazameni uchaguzi wake. Kurudia kulimtaka apandishe masomo mawili hadi D, yaani avuke alama 50 mara mbili, au alifikishe somo moja C, yaani alama 60, tena kwa kujisomea katika kituo cha jioni alikokutana na wenzake wenye huzuni ileile. Kwa matokeo hayohayo, vyuo vingi vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, vingempokea moja kwa moja ngazi ya tano ya stashahada bila kuanzia ngazi ya nne ya cheti, kwa kuwa vinadai prinsipo moja na S moja, na baada ya miaka miwili, akiwa na GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, ya 3.0, angeomba shahada. Ipo pia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ya kumwandaa mtu kwa shahada, inayompokea mwenye angalau pointi 1.5 na kumtaka GPA ya 3.0 mwishoni, ambayo watu huitaja kwa kunong'ona kana kwamba ni dawa ya kienyeji. Shemeji yangu alikataa zote mbili kwa sentensi moja: mwanawe harudi nyuma. Kijana alirudia, akapata E mbili na S, na miezi ile yote alikuwa akiteka maji saa nne usiku ili asikutane bombani na mtu wa kumuuliza amepangiwa chuo gani.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu mstaafu wa kidato cha tano na sita, Tabora

Ndugu mwanzisha mada, umeandika vizuri, lakini umechukua mtoto mmoja mwenye E tatu ukamfanya kuwa kipimo cha wote. Nimefundisha Historia kwa zaidi ya miaka 25 na ninakueleza kwamba kundi kubwa lililonipitia mikononi si la E tatu bali la D moja na E moja, yaani pointi 3, ambaye kati yake na chuo kikuu kuna pengine alama mbili au tatu za somo moja. E inaishia 49 na D inaanzia 50. Kumwambia mtoto aliyepata 48 akatumie miaka miwili mingine ya stashahada kabla ya kugusa shahada, ilhali mwezi Mei unaofuata angeweza kulikamilisha somo hilo, ni kumpotezea mwaka mmoja zaidi kwa jina la busara. Hesabu yenyewe iko hivi: mwaka mmoja wa kurudia na mitatu ya shahada ni minne, na miwili ya stashahada na mitatu ya shahada ni mitano.

Nakubali jambo moja, na nalikubali kwa uchungu. Hayo niliyosema yanasimama zaidi kwa masomo ya sanaa. Mtoto wa Historia akirudia, kinachomkwamisha kwa kawaida ni uandishi: anajua kilichotokea, lakini anakimwaga kwenye karatasi ya majibu bila hoja, aya kumi zote zikianza na "pia". Hilo linatibika kwa miezi sita, akiandika insha mbili kila wiki na kupata mtu wa kuzisahihisha bila huruma. Mtoto wa Kemia ni habari nyingine. Mtahiniwa wa kujitegemea asiye na maabara huingia kwenye mtihani wa vitendo akiwa hajashika bureti, lile bomba la kudondoshea kimiminika tone kwa tone, kwa mwaka mzima. Nimewaona wakihangaika kuifunga koki huku tone la mwisho limekwisha kuanguka na rangi imepitiliza. Huyo simwambii arudie mpaka anionyeshe maabara atakayofanyia mazoezi.

Mchangiaji wa pili, tabibu katika kituo cha afya

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni zao la ile njia ambayo mwanzisha mada anaisifu, na naomba asiisifu kupita kiasi.

Nilisoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia, nikapata E mbili na S. Ndoto yangu ilikuwa udaktari, ambao hudai prinsipo zote tatu, na D ndiyo ya chini kabisa inayokubalika. Sikurudia. Niliomba stashahada ya utabibu, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyenieleza: stashahada hiyo huchukua miaka mitatu, na sifa wanayoitazama ni ufaulu wa kidato cha nne. Nilikaa benchi moja na binti aliyetoka kidato cha nne mwaka uleule, mdogo kwangu kwa miaka miwili, tukaanza pamoja mfupa wa kwanza. Vyeti vyangu vya kidato cha tano na sita havikunipunguzia hata muhula mmoja. Kwa hiyo ile habari ya miaka miwili na ngazi ya tano ni ya kweli kwa uhasibu, utunzaji wa kumbukumbu, maendeleo ya jamii na nyingine za namna hiyo; kwa mtoto wa sayansi anayetaka afya, si kweli, na ndio wengi wanaokuja kituoni kwetu kuniuliza.

Sijutii. Mwaka wa tatu, tulipokuwa wodini, yale niliyosoma kidato cha sita yalianza kunisaidia, na nilimaliza na GPA inayoniruhusu kuomba shahada ya udaktari, ambayo ni miaka mitano mingine na mmoja wa mafunzo kazini. Hesabuni wenyewe. Ninachouliza ni hiki: kama serikali imegharimia miaka miwili ya mtoto huyu kusoma Kemia na Biolojia ya ngazi ya juu, kwa nini chuo cha afya kisimpime na kumvusha mwaka wa kwanza akionyesha kuwa anaijua? Huo ndio mjadala ningependa uwepo, kuliko huu wa kurudia au kutorudia.

Mchangiaji wa tatu, mzazi

Mnazungumza kana kwamba sisi wazazi ni wajinga wa kuogopa stashahada. Mimi naiogopa kwa sababu ninakumbuka. Mwezi Mei mwaka 2016 vijana zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa nyumbani ghafla, wengine na masanduku yao kichwani, na nchi nzima ikalishika neno "vilaza". Walikuwa wamepita mlango waliofunguliwa na serikali yenyewe. Miaka hiyohiyo madaraja yalifutwa yakaja ya GPA, kisha GPA ikafutwa yakarudi madaraja. Mzazi aliyeyaona hayo, ukimwambia kuna njia ya pembeni, atakuuliza kama itakuwa bado ipo mwanawe akifika katikati. Mlango wa mbele, hata ukigongwa mara mbili, angalau unajulikana.

Na sasa swali langu. Mwanangu amepata Kemia C, Biolojia F na Jiografia F. Wameandika daraja la tatu, pointi 17. Afanyeje?

Mwanzisha mada

Dada yetu tabibu amenirekebisha, nami nakubali: niliandika "vyuo vingi" nikiwa na vyuo vya biashara na utawala akilini, na mtoto wa sayansi nilimsahau. Hoja yake ya kuwavusha mwaka wa kwanza naiunga mkono, ila nadhani upinzani utatoka kwenye vyuo vyenyewe, ambavyo ada ya mwaka huo vinaihitaji.

Mzazi, la Dodoma ni jeraha la kweli na siwezi kulifuta kwa maneno. Natofautisha tu kati ya programu maalumu iliyoanzishwa kwa haraka ili kuziba upungufu wa walimu na stashahada za kawaida ambazo zimekuwa zikitolewa miaka yote na zina nafasi yake katika miongozo ya udahili. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo pia imewafikia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, jambo ambalo halikuwepo zamani. Hata hivyo hofu yako ni halali kuliko aibu ya shemeji yangu, na nilipaswa kuzitenganisha.

Kuhusu mwanao, namwachia Mwalimu.

Mchangiaji wa kwanza

Mzazi, huyo wa kwako ndiye mfano niliokuwa nikiutafuta. Ana prinsipo moja na hana S, kwa hiyo hata ile ngazi ya tano inayodai prinsipo na S haimpokei. Akienda stashahada ataingia kwa cheti cha kidato cha nne, na C yake ya Kemia itabaki pambo. Lakini C hiyo ni pointi 3. Anahitaji pointi moja tu, yaani E moja, alama 40 katika somo moja. Huyu arudie.

Asirudie Jiografia kwa sababu tu anaiona nyepesi. Kama anapenda kilimo au mifugo, arudie Biolojia, maana huko mara nyingi hutazamwa Kemia na Biolojia kwa pamoja. Kabla ya kulipa ada ya usajili wa mtihani aende katika chuo anachokitaka, au awaandikie, apate jibu la maandishi kwamba wanapokea matokeo ya vikao viwili tofauti vya mtihani. Kisha atafute shule yenye maabara ya Biolojia itakayomkubali Jumamosi, hata kwa malipo kidogo. Na mtafutie mtu wa kukaa naye mezani mara moja kwa wiki. Mtoto aliyepata C katika Kemia na F mbili, mara nyingi alilipenda somo moja akayakimbia mengine. Muulize taratibu ni mada ipi ya Biolojia iliyoanza kumtisha, na mwanzie hapohapo.