Mrejesho: kula nje mjini na aleji ya karanga

Wakuu, niliuliza ntakulaje nje mjini na hii aleji ya karanga na korosho, asanteni kwa majibu. Kilichonisaidia zaidi ni kupiga simu mapema, muda ambao wateja sio wengi, alafu naongea na mpishi mwenyewe, maana mhudumu anaweza akakwambia "haina karanga" kumbe mafuta ya kukaangia ni yale yale yaliyokaanga vitu vyenye karanga, na moto hauondoi kinacholeta aleji jamani, wengi hawalijui hilo. Sosi na keki naruka tu. Kile kikaratasi cha kumpa mpishi, kilichoandikwa aleji yangu, aliyelishauri hilo abarikiwe. Sindano ya adrenalini, ile ya dharura aleji ikinishika vibaya, natembea nayo mwenyewe, sio naiacha kwenye gari. Wakijibu kwa kusitasita naondoka zangu, wanune tu.