Tupeane uzoefu: akili mnemba nyumbani, wazazi na vijana mnaionaje?

Wakuu, salaam. Binti yangu yuko kidato cha tatu, kila swali analipeleka kwenye akili mnemba. Hesabu sina shida nazo, inamwelekeza vizuri kuliko mimi niliyesahau logi. Kinachoniuma, juzi nimemkuta anaiuliza kama tumbo la hedhi kuuma vile ni kawaida. Na mimi nipo jikoni! Kwenu hali ikoje? Vijana mliomo humu nanyi semeni.

Baba Pacha: Nilipiga marufuku, wakahamia simu za marafiki. Sasa wanaandika kwanza kwa mkono kwenye daftari, ndipo waiombe iwakosoe. Bando nanunua mimi, kwa hiyo hakuna upinzani bungeni.

Kijana wa Six: Mama, shikamoo. Mimi nikimuuliza mama yangu jambo la mwili, swali linageuka "una mwanaume wewe?" Ile haiulizi. Halafu wazee mnatuita wavivu, wakati baba yangu alituma rambirambi kwenye grupu la ukoo inayoanza, "Bila shaka! Huu hapa ujumbe wa rambirambi unaoweza kuutumia." Mama mdogo ndiye aliyempigia aifute.

Mleta mada: Marahaba. Nimecheka, ila hilo la "una mwanaume" limenigusa. Kwetu nalo lipo.

Mama Nakuru: Huku Kenya, mwanangu wa Gredi ya 7 aliandikiwa na akili mnemba insha kuhusu nyumbani kwa nyanyake. Eti kuna mto, maembe, na jogoo anayewika alfajiri. Nyanyake anakaa Kayole, Nairobi, ghorofa ya nne! Mwalimu akampa alama nzuri. Nikampeleka kwa nyanyake wikendi akaandike upya. Ya pili ina maji ya mitungi na jirani wa juu mwenye redio. Ni fupi, sarufi imepinda, lakini hiyo ndiyo niliyoiweka.

Nesi: ChatGPT, mojawapo ya hizo akili mnemba, yenyewe inataka mtumiaji awe na miaka 13, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi. Tangu Septemba 2025 mzazi anaweza kuunganisha akaunti yake na ya mwanawe, akapanga saa za kutotumika. Mazungumzo huyasomi, unaarifiwa tu mfumo ukiona dalili za hatari kubwa, kama kutaka kujidhuru. Mimi naona imekaa sawa, maana ukisoma kila kitu mtoto atahamia kwingine.

Kijana wa Six: Nesi, hiyo ya kuunganisha akaunti mzee wangu asiione tafadhali.