Tupeane uzoefu: Mliosoma nje ya nchi lakini kijijini, mlizoeaje?

Wadau habari zenu. Habari za kusoma nje hapa nyingi ni za miji mikubwa, sasa kuna sisi tuliovuka mpaka tukaishia porini kabisa. Mdogo wangu anaondoka mwezi wa tisa kwenda kulekule nilikosoma na usiku halali kwa mawazo, nataka asome haya kabla hajapanda basi.

Naanza mwenyewe. Mi ni wa Shinyanga, nilisoma Ishaka, wilaya ya Bushenyi, magharibi mwa Uganda. Unatoka Bukoba unagonga paspoti Mutukula, unaonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, unapita Masaka, Mbarara, alafu vilima na migomba na chai mpaka macho yanachoka. Nilijua Kiswahili kitanibeba, kumbe ndo kilinitenga. Sokoni nikiongea mama anajibu bei tu na kuangalia pembeni, hadi mwanadarasa mwenzangu akaniambia kwamba kwao Kiswahili kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya wanajeshi na polisi, watu wazima wakikisikia wanakumbuka mabaya. Iliniuma sana. Nikarudi kwa yule mama nikamwomba kwa ishara na kiingereza kibovu anifundishe kusalimia kwa Kinyankole, lugha yao. Asubuhi unasema "oraire ota", jioni "osiibire ota", ukiulizwa "agandi" unajibu "ni marungi". Yani toka siku hiyo nikawa mtoto wake, nikinunua matoke ananirushia mawili ya nyongeza, na nilipolazwa na malaria siku tatu alimtuma binti yake na chupa ya bushera, uji wao wa nafaka, ya moto. Nyumbani hakuna aliyejua hata kama naumwa, yeye alijua kwa sababu hakuniona sokoni.

Matoke nilichukua kama mwezi kuyazoea, ila karo, yani ugali wao wa ulezi, mi Msukuma hainishindi. Karibuni na nyie.

Mchangiaji wa 2
Pole kaka, hiyo ya kuumwa peke yako naijua. Mi nilikuwa Fort Hare, mji mdogo unaitwa Alice, Eastern Cape huko Afrika Kusini. Chuo cha tangu 1916, Mandela na Oliver Tambo wamepita pale, ukisikia hivyo unategemea jiji, unafika unakuta ng'ombe wanavuka barabara. Sisi watu wa Tanga baridi hatuijui jamani, mwezi wa sita ilipoingia nilikuwa nalala na nguo zote nilizokuja nazo, sina hata blanketi la pili. Na kixhosa, lugha ya huko, kina zile sauti za kugonga ulimi, c, q na x, wiki za mwanzo nikaona hapa sitoboi. Alafu siku moja naandika maneno niliyoyasikia kwenye daftari nikaona mbona nayajua, maji ni amanzi, nyama ni inyama, mtu ni umntu, kufika ni ukufika! Nilitabasamu peke yangu chumbani.

Jirani kulikuwa na bibi mmoja, kule bibi unamwita makhulu, akanikaribisha jumapili akanipakulia umngqusho. Nafunua nakuta mahindi na maharage. Makande! Yale yale ya nyumbani. Nililia mbele ya yule bibi na hakuniuliza kitu, aliniongezea tu. Akaniuliza ukoo wangu, maana kwao ukimwita mtu kwa jina la ukoo ndo umemheshimu, na mpaka namaliza masters aliniita kwa ukoo wa baba yangu.

Mchangiaji wa 3
Mimi ni Mkenya wa Kitale, nilisomea kilimo Busogo, Musanze, kaskazini mwa Rwanda, karibu na volkano. Mvua na baridi na viazi, viazi, viazi. Magari yanapita upande wa kulia kwa hiyo kuvuka barabara uangalie upande ule hujazoea, hiyo msichukulie rahisi. Na mifuko ya plastiki wamepiga marufuku tangu 2008, chapati za mama yangu zilipona, mfuko ukabaki mpakani. Nilikuwa nimemaliza juma moja tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikatoka kutafuta chai nikakuta maduka yote yamefungwa, nikaogopa kuna shida. Mzee mmoja akanipa jembe. Ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji. Tulizibua mtaro hadi saa tano, baadaye wakakaa kikao na yule mzee, ambaye Kiswahili alikijua vizuri, akanisimamisha akasema huyu ni mgeni wetu amefanya kazi na sisi. Kuanzia hapo kila nikipita nasikia "muraho" kutoka kila mlango.

Mchangiaji wa 4
Na hela mlikuwa mnatumiwaje? Mi naenda mwakani.

Mleta mada
Simu, ila usajili wa laini unataka paspoti, fanya siku ileile unayofika. Na hosteli usilipie mwaka mzima kabla hujaiona na kuuliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, hilo lilinigharimu. Mdogo wangu kasoma yote hapa pembeni yangu, ameniomba jina la yule mama wa sokoni na meza yake iko upande gani. Namchorea ramani sasa hivi.