Naomba ushauri: darasani kwangu mtoto anaitwa "Yuda" kwa makosa ya baba yake

MamaDarasa_Kibirizi
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Nina jambo linaninyima usingizi, wiki ya pili sasa.

Nafundisha shule ya Jumapili huku Kibirizi, Kigoma, watoto wa miaka 8 hadi 12. Tangu mwaka uanze tunasoma habari za waovu wa kwenye Biblia: Kaini, Farao, Hamani, Yezebeli na lile shamba la mizabibu la Nabothi. Watoto wanayapenda masomo haya kuliko yote. Nami ili yakolee nikawazoesha kuzomea. Nikitaja jina la mwovu, darasa zima "uuuu!", sauti inafika hadi kwenye vichanja vya dagaa.

Sasa kuna mtoto wa miaka 10. Baba yake alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa mwaloni. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi ile miezi mitatu ya 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, wengi walibaki wakiitegemea akiba hiyo. Siku ya kuvunja sanduku tugawane akiba, fedha hazikuonekana, na baba hakuonekana. Mpaka leo.

Jumapili ya juzi tulifika kwa Yuda Iskariote. Nikasoma Yohana 12:6, kwamba ndiye aliyeshika mfuko na alikuwa mwizi. Nikaita "Yuda!" kama kawaida yangu. Wakageuka wote, wakamtazama yule mtoto, ndipo wakazomea. Hakulia. Aliinama akashika uzi uliochomoka kwenye pindo la kaptura yake, akawa anauvuta, anauvuta, mpaka tukafunga kwa sala.

Hajarudi tena, na mtaani jina limeshamganda. Mama yake tunakutana mwaloni, ananisalimia vizuri tu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Niyaache masomo haya nihamie kwa Danieli na simba? Au niendelee, na nikiendelea niseme nini?

Mvuvi_wa_Giza
Pole dada. Mimi ni mmoja wa walioliwa akiba yao, si kikundi hicho, kingine. Ile ilikuwa ada ya binti yangu. Kwa hiyo nakuomba, usije ukawapunguzia watoto ubaya wa wizi kwa kumhurumia huyu mmoja. Aliyeiba aitwe mwizi. Ila mtoto hakushika mfuko. Hilo waambie waziwazi, na uwaambie wewe mwenyewe, usimsubiri mchungaji.

Katekista_Mstaafu
Mwanangu, masomo usiyaache. Kuzomea ndiko kuachwe.

Fungua Mathayo 26:22. Yesu anawaambia mmoja wenu atanisaliti. Hakuna aliyemnyoshea Yuda kidole. Walihuzunika, wakaanza kuuliza mmoja mmoja, "Ni mimi, Bwana?" Wametembea naye, wamekula naye, na bado kila mmoja alijihofia mwenyewe kwanza. Darasa lako lilifanya kinyume chake, kwa sababu mwovu ukimfanya wa kuzomewa, mtoto atatafuta wa kumzomea. Sikulaumu, nami nimefundisha hivyo miaka mingi kabla sijashtuka.

Hao waovu wafundishe kwa swali moja: alianzia wapi? Mfalme Ahabu, mume wa Yezebeli, alianza kwa kununa. 1 Wafalme 21, amenyimwa shamba, akajilaza kitandani, akageuza uso, akakataa kula. Mtoto yeyote anakujua kununa! Kaini alianza kwa uso kukunjamana, akaonywa kabla hajaua. Hamani alikuwa na utajiri, watoto na cheo, na yote akayaona si kitu kwa sababu ya mtu mmoja asiyemwinamia langoni. Hapo watoto watanyamaza, kila mmoja akijiona.

Jambo jingine dogo: mitume walikuwa na Yuda wawili. Yohana 14:22 inasema "Yuda, siye Iskariote". Jina lenyewe halina kosa.

BintiUjiji
Mimi ni Mwislamu, nimepita tu ila nimeguswa. Hata kwetu tumefundishwa kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Na Firauni pamoja na uovu wake wote, nyumbani mwake alikuwamo Asia, mkewe, mwanamke mwema aliyemwokoa Musa. Mwende nyumbani kwao, dada. Usimtumie mtu salamu.

Kijana_wa_Gungu
Swali kwa wazee: mbona Akani alipoiba pale Yeriko, wanawe nao waliuawa pamoja naye? Watoto wakiuliza hilo?

Mzee_wa_Kasulu
Ni sura nzito, Yoshua 7, na mimi siwezi kuifanya nyepesi. Lakini sheria ya Musa yenyewe, Kumbukumbu la Torati 24:16, inakataza watoto kuuawa kwa makosa ya baba zao, na Ezekieli 18 yote imeandikwa kuwajibu watu waliopenda kusema baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi.

Mwalimu, wewe wapeleke kwa Kora. Aliasi juu ya Musa jangwani, nchi ikafunua kinywa ikammeza, Hesabu 16. Jina baya kuliko hilo sijui. Kisha usome Hesabu 26:11, mstari mfupi mno: wana wa Kora hawakufa. Ukifika Zaburi ya 42, ile ya ayala na mito ya maji, tazama juu yake imeandikwa nini. Ya wana wa Kora. Na ya 84, anayetamani kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu, nayo ni yao. Hata nabii Samweli, ukifuata orodha ya 1 Mambo ya Nyakati 6, ni wa uzao huohuo. Jina la baba hawakulibadilisha. Waliimba nalo.

MamaDarasa_Kibirizi
Nimesoma yote, Mungu awabariki. BintiUjiji, nilikusikia.

Jana jioni nilienda. Mwezi ni mkubwa, wavuvi hawaingii ziwani, mwalo umetulia. Nilimkuta anawatengenezea wadogo zake wawili gari la makopo. Nikamwambia, mbele ya mama yake, kwamba kosa lilikuwa langu, na Jumapili nitalisema hilo mbele ya darasa kabla ya jambo lolote. Hakujibu. Nikamsimulia Kora. Aliacha waya aliokuwa anaukunja, akauliza wale wana walikuwa wangapi.

Nikamfungulia Kutoka 6:24: Asiri, Elkana na Abiasafu.

"Watatu," akasema. "Kama sisi."

Kuja Jumapili hajasema. Mama yake kanifungia dagaa kwenye gazeti, nimekataa, amenilazimisha.